Jinsi ya Kuosha Gari la Porini Nyumbani Likirudi Limejaa Matope

Masika yakianza, maswali yanayonifikia ni yale yale. Nimetoka porini na gari limetapakaa tope hadi kwenye mkonga (lile bomba la kuvutia hewa juu karibu na paa), nianzie wapi? Kwa nini usukani unatetemeka wakati nilipoondoka ulikuwa mzima? Naruhusiwa kupiga maji kwenye injini? Nimeona heri nijibu yote mahali pamoja, ili mwenye Land Cruiser, Hilux, Prado au pikapu yoyote inayopita njia mbovu aweze kulisafisha uani kwake bila kuliharibu.

Kubwa la kushika ni hili: tope linaloua gari ni lile usiloliona. Watu hutumia asubuhi nzima kung'arisha milango na boneti, kisha gari linaegeshwa likiwa bado limebeba udongo juu ya chesisi, ndani ya rimu na katikati ya rejeta. Udongo huo hushika unyevu siku nyingi hata kama juu kumekauka, na chuma kinaendelea kuliwa na kutu kimyakimya. Ndiyo maana katika mwongozo huu bodi iko karibu na mwisho. Ukiishiwa maji au muda, bora uache milango michafu kuliko kuacha chini.

Ujue udongo uliotoka nao

Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Grumeti magharibi mwa Serengeti, wa tambarare za Athi nje ya Nairobi au wa Mwea wanakolima mpunga, huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Ukikauka kwenye gari unakuwa mgumu kama tofali, na kuulainisha ni kazi ya kuloweka mara kadhaa, si ya nguvu. Udongo mwekundu wa Karatu au wa miteremko ya Kilimanjaro hutoka upesi zaidi, ila huacha rangi kwenye plastiki, kwenye mipira ya milango na kwenye rangi nyeupe. Matope ya kando ya Natron na Eyasi yana magadi, na mchanga wa ufukweni una chumvi. Ukitoka huko, usilaze gari hata usiku mmoja bila kulimwagia maji safi chini, hata kama kuosha kwenyewe utafanya kesho.

Andaa hivi kabla ya kugusa maji

- Maji ya kutosha. Kwa gari lililozama matope hasa, pipa moja la lita 200 ni la chini kabisa, na mawili ni afadhali.
- Mpira wa maji wenye kichwa cha kubadilisha mkondo, au mashine ya presha kama unayo.
- Kama maji ya bomba ni ya mgawo: bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa shambani. La lita 16 au 20 linalowesha tope vizuri kwa maji kidogo. Liwe jipya, halijawahi kutiwa dawa ya wadudu wala ya magugu.
- Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia.
- Shampuu ya gari. Ukikosa, sabuni ya maji ya vyombo, kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia iache, ni kali na inaondoa ulinzi wa rangi.
- Brashi ya mpini mrefu kwa ajili ya chini, brashi ndogo laini kwa rimu, na sponji au taulo laini kwa bodi. Visichanganywe. Brashi iliyogusa chesisi isiguse mlango.
- Kijiti cha mbao au mwiko wa plastiki wa kubandulia mabonge.
- Waya mwembamba, tochi, na vipande vya nailoni vya kufunikia sehemu za umeme.
- Pampu ya grisi.
- Gambuti, glavu na miwani. Ukilala chini ya gari, matope huanguka usoni.

Chagua mahali penye kokoto au sakafu ya saruji, pawe na mteremko kidogo na kivuli. Ukioshea juu ya udongo mtupu, nusu saa baadaye unakanyaga tope jipya na kulirudisha ndani ya gari. Kaa mbali na kisima. Wala usilipeleke mtoni kwa sababu maji ni ya bure: oili na grisi zinazotoka chini ya gari zinaishia kwa anayechota chini yako, na nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Hatua kwa hatua

1. Acha gari lipoe. Saa moja angalau, hata kama una haraka. Maji baridi yakikuta diski za breki au ekzosi ya moto, chuma kinaweza kupinda au kupasuka. Kuna na jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii: difu, lile boksi la gia kwenye ekseli. Baada ya safari ndefu, hewa iliyo ndani ya difu ni ya moto. Ukiimwagia maji ya ghafla hewa hiyo husinyaa, na kama breza yake (kitundu cha kupumulia) imezibwa na tope, difu inavuta maji kupitia kwenye sili. Hivyo ndivyo mtu anavyopata maji kwenye oili bila kuvuka mto wowote.

2. Bandua mabonge. Zunguka gari na kijiti chako. Toa mabonge kwenye madigadi, nyuma ya bampa, juu ya ngazi za pembeni na kwenye mipira ya kuzuia matope nyuma ya tairi. Kila bonge unaloliondoa kwa kijiti ni maji uliyoyaokoa. Usitumie bisibisi wala panga, na usibandue chochote kilichoshika kwenye rangi. Cha kwenye rangi kitatolewa na maji.

3. Loweka, kisha ondoka. Nyunyiza gari zima kwa mkondo mpana usio na nguvu, chini na juu, mpaka tope libadilike rangi. Ngoja dakika 15. Rudia. Kwa udongo mweusi wa mbuga rudia mara tatu au nne. Wengi wanashindwa hapa kwa kukosa subira: wanaona tope halitoki, wanaongeza presha au wanashika brashi, wakati lilichokuwa likihitaji ni muda wa kunywa maji. Kama una kile kinyunyizio cha bustani kinachozunguka, kisukume katikati chini ya gari, fungua maji kiasi, kiache dakika 20 kifanye kazi huku wewe ukiosha mazulia.

Wakati huu usiwashe waipa na usishushe vioo. Chembe za mchanga zilizo kwenye kioo zikiburutwa, zinachora mistari isiyofutika.

4. Osha chini. Weka magogo au mawe mbele na nyuma ya tairi. Magari mengi ya porini yameinuka vya kutosha kuingiza mkono na mpira bila kupiga jeki. Ukilazimika kuinua, weka stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde moja.

Anza mbele uende nyuma. Piga maji juu ya ekseli, kwenye springi na kati ya majani yake, nyuma ya shokapu, juu ya tangi la mafuta, na juu ya bamba la kukinga injini. Bamba hilo ni ghala la matope. Kama lina kitundu cha kufungulia oili, angalia maji yanayotoka hapo yamebadilika kuwa safi au bado.

Chesisi ya Land Cruiser au Hilux ni boksi lenye uwazi ndani, na ina vitundu vya kutolea maji. Tope linaingia humo na kuziba. Chukua waya, zibua kitundu kimoja kimoja, kisha ingiza mkondo wa maji kwenye tundu la mbele usubiri. Kwanza hutoka maji mazito ya kahawia, halafu vijiwe na mabua ya nyasi, halafu maji membamba. Endelea mpaka yawe safi. Fanya hivyo hivyo kwenye vitundu vya chini ya milango, maana mlango unaooza kwa chini mara nyingi umeoza kutoka ndani.

Mwenye mashine ya presha asogeze pua karibu na bodi ya chesisi kadiri apendavyo, ila akae mbali na sili za ekseli, mipira ya vikombe vya stelingi, breza, soketi za waya na mipira ya breki. Kwenye Land Cruiser yenye ekseli ngumu ya mbele, ile pete inayofuta tufe la chuma tairi linapogeuka ioshe kwa mkondo mwepesi na kitambaa. Tope likikauka pale linakwangua, na presha kubwa inasukuma mchanga uingie ndani.

5. Rimu, ndani na nje. Kama kuna hatua moja ya kuchukua muda, ni hii. Upande wa nje wa rimu kila mtu anauosha. Tatizo liko upande wa ndani, unaotazama breki. Tope hujikusanya pale sehemu moja, likakauka, na tairi linakuwa zito upande mmoja. Ukifika kilomita 80 kwa saa, usukani unacheza mkononi, na watu wanakimbilia kufanya balansi au kununua shokapu wakati dawa ni maji.

Ingiza tochi nyuma ya tairi uangalie. Lowesha, ngoja, kisha gonga bonge taratibu kwa kijiti. Mara nyingi linabanduka kipande kizima kilichoshika umbo la rimu, nje kimekauka na katikati bado kibichi. Sogeza gari nusu mzunguko wa tairi, rudia sehemu iliyokuwa juu. Kwenye breki za diski, osha kati ya diski na lile bati la nyuma yake, maana kijiwe kidogo kikikwama hapo kinapiga kelele ya kutisha. Breki za drumu zilizozama kwenye tope laini ni habari nyingine: maji ya nje hayafiki ndani. Drumu inabidi ifunguliwe, na kama hujawahi kuifungua, mwite fundi.

Kwenye tairi lenyewe weka pua ya mashine umbali wa sentimita 30 au zaidi. Presha ya karibu inaumiza ubavu wa tairi na huoni jeraha mpaka lipasuke.

6. Rejeta. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na tope pamoja na mbegu za nyasi hukaa katikati ya hizo mbili. Kwa mbele unaona pasafi, kumbe hewa haipiti. Vile vibati vyembamba vya rejeta vinakunjwa hata na kidole, kwa hiyo mashine ya presha haikaribii hapa kabisa. Tumia mpira wa kawaida na mkondo mwepesi, na upige maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na njia ya hewa, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ukipiga kwa mbele unaukandamiza ndani zaidi.

Lowesha, ngoja dakika 15, rudia. Kisha weka tochi upande wa feni na utazame kwa mbele. Mwanga unapaswa kupenya kila mahali. Panapobaki giza pana tope, hata kama macho yanakuambia ni pasafi.

7. Chumba cha injini. Ndiyo, unaweza kuosha injini kwa maji, ila kidogo na kwa adabu. Funika alteneta, boksi la fyuzi, betri, kompyuta ya gari kama iko mbele, na mdomo wa kichujio cha hewa. Mwenye mkonga asipige maji kwenye mdomo wake wa juu. Lainisha tope kwa bomba la mgongoni, sugua kwa brashi ya mkono, suuza kwa maji machache. Ondoa nailoni zote kabla ya kuwasha. Chungulia pia karibu na ekzosi, juu na chini: nyasi kavu zilizonasa hapo huwasha moto, na magari yameshateketea porini kwa sababu hiyo.

8. Bodi. Sasa ndiyo zamu yake. Suuza kuanzia juu ya paa mpaka chini bila kugusa kwa mkono, mpaka usione chembe. Kisha sabuni: paa, vioo, boneti, milango ya juu, milango ya chini, mwisho bampa. Chovya sponji kwenye ndoo ya maji safi kila unapomaliza kipande, ikamue, ndipo urudi kwenye sabuni. Pitisha kwa mistari iliyonyooka. Osha kipande, suuza kipande. Jua letu likikausha sabuni kwenye rangi, madoa yake ni kazi kuyatoa.

Fungua milango yote ufute kingo, bawaba na mipira. Mchanga ukibaki kwenye mpira wa mlango, kila unapofunga unakula rangi.

9. Ndani. Toa mazulia yaoshwe peke yake na kuanikwa. Usimwage maji ndani hata kama sakafu ni ya plastiki, kwa kuwa chini yake kuna waya na sponji isiyokauka. Mikanda ya usalama yenye tope ivute yote, ifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na usiiache irudi mpaka ikauke.

10. Kausha na utie grisi. Washa injini dakika kumi, kisha endesha polepole mtaani ukikanyaga breki kidogo kidogo mpaka uisikie inashika sawasawa. Ukirudi, usivute breki ya mkono. Drumu iliyolowa inaweza kuganda usiku. Acha gari kwenye gia na uweke magogo kwenye tairi.

Grisi inatiwa baada ya kuosha, kamwe si kabla. Futa chuchu ya grisi kwanza, kisha sukuma kwenye krosi za propela (viungo vya ile shafti ndefu ya chini ya gari) na kwenye pini za springi mpaka grisi ya zamani itoke na maji yaliyokuwa ndani. Ukiona inayotoka ni nyeupe kama maziwa, endelea mpaka itoke yenye rangi yake.

Mawili ya kuacha kabisa

La kwanza ni kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari ati kuzuia kutu. Najua ni mazoea ya gereji nyingi. Mafuta hayo yanavimbisha na kulainisha bushi za mpira, yanadaka vumbi lote la safari inayofuata, na yanadondoka ardhini kwako, watoto wanapocheza. Ukitaka kinga, subiri chuma kikauke kabisa, kwangua kutu, upake rangi ya chesisi.

La pili ni kutupa ovyo tope ulilobandua. Matope hubeba mbegu, na gugu karoti limesambaa Arusha na kwingineko likisafiri pia kwa magari. Ni mmea wenye majani yanayofanana na ya karoti, unawasha ngozi na kusumbua kifua, na unaua malisho. Kusanya tope mahali pamoja uani, na mche wowote usioujua ukiota hapo, ung'oe kwa glavu kabla haujatoa maua.

Likitokea hili baada ya kuosha

*Usukani bado unatetemeka.* Rudi kwenye rimu, upande wa ndani, tairi zote nne. Kama ni safi kabisa, ndipo uende kwenye balansi na bushi.

*Kuna mkwaruzo kila tairi likizunguka.* Ni kijiwe kati ya diski na bati lake. Piga maji, rudi nyuma na mbele taratibu. Kikigoma, fungua tairi.

*Gari linapandisha joto mlimani.* Rudia jaribio la tochi kwenye rejeta. Kama mwanga unapita kote, angalia maji ya rejeta (injini ikiwa baridi) na mkanda wa feni.

*Injini inakohoa au taa ya onyo imewaka.* Huenda soketi moja imelowa. Zima, fungua boneti juani saa moja au mbili, chomoa soketi zinazofikika uzikaushe kwa kitambaa. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukikanyaga breki) mara nyingi ni tope kwenye sensa karibu na habu, na maji mepesi yanaitoa. Ikibaki imewaka, ipeleke kupimwa.

*Ukungu ndani ya taa kubwa.* Washa taa nusu saa. Ukungu ukirudi kila unapoosha, mpira wa nyuma ya taa umechoka.

*Harufu ya kuungua.* Simama mara moja. Tope kwenye ekzosi hunuka udongo wa kuchomwa na huisha. Nyasi hunuka moshi. Zima gari, ingia na maji, ondoa kila unyasi unaoufikia.

*Wekundu haujatoka kwenye rangi nyeupe.* Rudia sabuni na kuloweka kwa kitambaa kilicholowa dakika kumi. Usitumie dawa ya kung'arishia vyungu wala steelwire.

*Oili ya difu.* Kama ulipita maji yaliyofunika ekseli, fungua nati ya kujazia difu siku inayofuata, gari likiwa limetulia sehemu tambarare, na uchovye kidole. Oili nzima inang'aa na unaona kidole kupitia kwake. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga, weka mpya, safisha breza, na kagua tena baada ya safari fupi. Usiendeshe safari ndefu na oili ya namna hiyo, kwa sababu bearing na meno ya difu vitakwisha kabla hujasikia mlio wowote.